UZI: Kulala kambi ya porini Serengeti magharibi ukitokea Mwanza: maji, tope, mbung'o na fisi

Kona ya Lamadi

Wakuu, mwangaluka.

Kila ikikaribia Mei, nyumbu wakianza kusogea kutoka nyanda za kusini kuja Grumeti, maswali ni yale yale: kambi ipi, gari gani, maji kiasi gani, na simba je. Tuyaweke hapa yote. Uzi huu ni wa mtu anayetoka Mwanza na hema lake, anaingilia lango la Ndabaka, analala usiku mmoja hadi mitatu upande wa magharibi. Wa hotelini hauwahusu.

Kwanza elewa unacholipia. Kambi ya umma ina choo na banda la kupikia, mara nyingi ina na maji, na mnalala makundi mengi pamoja. Pimbi, Nyani na Nguchiro za Seronera, katikati ya hifadhi, ni za aina hiyo. Kambi maalumu ni kitu kingine kabisa: eneo limetengwa chini ya miti, kuna kibao cha jina, basi. Hakuna choo, maji, uzio wala duka. Mnapewa kundi moja peke yenu, na ndiyo sababu watu wanaipenda, maana usiku hamsikii jenereta wala redio ya mtu. Ila ulichokisahau Mwanza utakikosa mpaka urudi. Watu wengi hujiandaa kwa ajili ya simba, halafu safari yao inaharibiwa na maji kuisha siku ya pili, chakula kilicholazwa ndani ya hema, au gari lililozama kwenye udongo mweusi saa kumi na moja jioni. Tuanzie hapo.

Njia: Mwanza, Kisesa, Magu, Nyashimo, Lamadi, Ndabaka. Ni lami mwanzo mwisho, kilomita 140 hivi, lango liko mkono wa kulia ukielekea Bunda. Jaza mafuta Lamadi hata kama geji inasoma robo tatu. Ukipanga kuzunguka kilomita 250 ndani, Land Cruiser kwenye njia nzito linaweza kula lita 20 kwa kila kilomita 100. Hiyo ni lita 50. Beba nyingine 20 za akiba, kwenye dumu la chuma, nje ya eneo la abiria.

Malipo hayafanyiki kwa noti mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unabaki na risiti. Kambi maalumu inawekwa nafasi mapema, usitegemee kuipata ukifika langoni. Kila Mtanzania awe na kitambulisho, vinginevyo utaratibu wa bei ya raia unakuwa mgumu.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza. Kibali kinahesabiwa saa 24 tangu unapoingia. Ukiingia Ijumaa saa mbili asubuhi na kulala usiku miwili, Jumapili saa mbili asubuhi uwe umeshatoka, maana yake asubuhi ya mwisho umeipoteza kwa kukunja mahema gizani. Ingia Ijumaa saa saba mchana. Hapo una jioni mbili na asubuhi mbili kamili, na hizo ndizo saa za wanyama. Mchana wa jua kali simba amelala kichakani tu.

Ila usichelewe zaidi ya hapo. Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na usiku magari hayaruhusiwi kutembea hifadhini. Lenga kufika kambini saa kumi jioni.

---

Dada wa Nyegezi

Shukrani sana kaka. Sisi ni watu sita, wakubwa wanne na watoto wawili, usiku miwili. Maji tubebe kiasi gani? Na Toyota Noah inaweza kufika kambi maalumu?

---

Turubai

Dada, najibu la maji.

Piga lita 10 kwa kichwa kwa siku: 4 za kunywa, 3 za kupika na kuosha vyombo, 3 za kunawa na kuoga kwa kopo. Watu sita kwa siku tatu ni lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20. Ongeza moja la akiba na moja la gari. Madumu kumi na moja. Hesabu ya watoto usiipunguze, wao ndio wanaomwaga.

Hayo madumu ni kilo 220, sawa na kubeba watu wazima watatu zaidi. Yapange sakafuni, nyuma ya viti vya mbele, katikati ya ekseli mbili, na uyafunge kamba. Usiyapandishe kwenye keria. Uzito ukiwa juu, gari linayumba kwenye kila bonde, na mahali penye mteremko wa pembeni linaweza kulala.

Kuhusu madumu yenyewe: yaliyobeba mafuta ya kula osha kwa maji moto na sabuni mara mbili, yaliyobeba mafuta ya taa usiyaguse kabisa. Usiku wa kuamkia safari yalaze kifudifudi sakafuni yakiwa yamejaa. Linalovuja utaliona asubuhi, nyumbani kwako. Ya kunywa yafunge utepe wa rangi shingoni, wasije watu wakanawia miguu.

Maji ya Mto Grumeti siyo ya kuchota. Kinyesi cha viboko kimejaa humo na mamba wa mto ule ni wakubwa mno. Anayeinama na ndoo ukingoni anajiweka mahali pale pale nyumbu anapokamatwa.

---

Fundi Upepo

Najibu la Noah: hapana dada. Azimeni au kodini gari lenye four-wheel, na mkiweza yawe magari mawili.

Sababu ni udongo. Ukanda wa magharibi una udongo mweusi wa mbuga, ule ule wa pamba na mpunga tunaoujua Magu na Bariadi. Kiangazi unakauka mpaka unapasuka nyufa za kuingiza kiganja. Ukinyeshewa dakika ishirini unakuwa sabuni. Ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji. Tope linajaza meno ya tairi lote, na tairi lililojaa tope ni sawa na tairi kipara. Njia kuu ina changarawe, hiyo ina afadhali. Tatizo ni mchepuko wa kwenda kambini, ambao mara nyingi ni alama mbili za magurudumu tu kwenye majani.

Na hapa pana mtego. Nyumbu hupita magharibi kati ya Mei na Julai, na Mei masika ndiyo yanaishia. Kwa hiyo anayewafuata mwanzoni anakutana na udongo ambao bado una maji chini. Kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba njia ni ngumu na salama zaidi. Ukikosa kundi kubwa, bado kuna nyumbu wakazi upande wa Kirawira na Ndabaka ambao hawahami na wenzao.

Namna ya kupita tope:

Weka four-wheel KABLA hujaingia, usisubiri gari lianze kuteleza. Gia ya pili, low, mwendo mmoja, mguu umetulia. Usifunge breki, usibadili gia katikati, usisimame kupiga picha. Ukiona nyayo za gari zilizozama sana, pita kando yake ndani ya barabara hiyo hiyo, maana kutoka nje ya njia hakuruhusiwi. Kama tope ni refu, punguza upepo wa tairi kutoka PSI 35 hadi 22 hivi, tairi litapanuka na kushika. Ukifika kwenye changarawe jaza tena papo hapo. Ukiendesha kwa kasi na upepo mdogo, ubavu wa tairi unachemka na kupasuka, au unakatwa na rimu.

Ukinasa, acha kukanyaga mafuta. Kila mzunguko wa gurudumu unakuzamisha na mwisho difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) inakaa juu ya tope, hapo hata magurudumu yakiwa na nguvu hayagusi kitu cha maana. Kabla ya kushuka, zima injini, angalieni nyasi pande zote, mmoja abaki juu ya gari kulinda. Chimba mbele ya magurudumu yote manne, toa tope chini ya difu. Nyanyua gurudumu kwa jeki ndefu iliyokalia ubao mpana wa sentimita 40 kwa 40, bila huo ubao jeki ndiyo itakayozama. Shindilia mbao za mita moja chini ya tairi, shusha, toka taratibu bila kusita. Matawi ya miti ya hifadhini usikate, hizo mbao utoke nazo nyumbani.

Vifaa visivyokosekana: koleo mbili, jembe, jeki ndefu, ubao wake, mbao mbili, kamba ya kuvutia ya mita 9 na shakeli zake, matairi mawili ya akiba, pampu, vifaa vya pancha, mkanda wa feni, lita 5 za maji ya rejeta.

Ikifika saa kumi na moja na nusu hamjatoka, acheni kuchimba. Lala ndani ya gari. Jua la asubuhi likiwaka saa tatu au nne, juu panakauka na kazi inakuwa nusu.

---

Kona ya Lamadi

Fundi amemaliza. Naingia kwenye kupiga kambi.

Ukifika, zunguka eneo lote na gari kwanza, madirisha juu, kabla mtu hajashuka. Unatafuta vitu hivi. Kinyesi kibichi cha tembo au nyati. Njia za viboko, nazo utazitambua kwa sababu zina mifereji miwili na tuta la majani katikati, miguu yake imeachana. Kiboko hutoka mtoni usiku kwenda kula nyasi mbali, na hapendi kitu kilichosimama kati yake na maji. Ukipiga hema kwenye njia yake umemfungia mlango wa nyumba. Kaa mita 100 au zaidi kutoka mtoni, pembeni ya njia yoyote iliyokanyagwa.

Kisha tazama juu. Mgunga wenye tawi kavu uache. Mvungunya, wengine wanauita mwegea, ule wenye matunda marefu kama soseji, uache kabisa: tunda lake moja linaweza kufika kilo kadhaa, na linadondoka bila upepo. Kichuguu chenye mashimo pia kaa mbali nacho, ngiri na nyoka hulala humo.

Mahema yawe nusu duara, milango inatazama ndani, gari limefunga upande uliobaki. Nafasi ya mita tatu kati ya hema na hema inatosha. Watoto walale na mtu mzima, hema la katikati. Zipu ifungwe MUDA WOTE, hata mchana mkiwa mmekaa nje. Simba na fisi huliona hema lililofungwa kama kitu kizima kama jiwe, wananusa wanapita. Hema lililo wazi ni pango.

Usiku mkisikia kishindo, tulieni ndani. Msimulike simulike ovyo, msitoke kuangalia. Ufunguo wa gari ulale karibu na kichwa cha dereva: kikizidi, bonyeza honi au kengele ya gari.

---

Turubai

Naongeza la vigingi na turubai maana watu hulowa bure.

Vigingi vya aluminiamu vinavyokuja na hema havifai udongo huu. Ukikauka vinapinda, ukilowa vinachomoka. Nenda kwa wachomeleaji, nunua nondo ya milimita 10, wakukatie vipande vya sentimita 40, kila kimoja wakikunje kichwa kama ndoano na kuchonga ncha upande wa pili. Nondo moja ndefu haikosi kutoa vigingi 25, inatosha mahema matatu. Beba nyundo ya kilo moja na nusu. Masika wakate sentimita 60.

Turubai la chini liwe DOGO kuliko sakafu ya hema. Watu hutandika turubai kubwa likatokeza pande zote wakidhani wanajikinga, mvua ikinyesha inateremka kwenye ukuta wa hema, inapokelewa na ule ukingo, inapelekwa moja kwa moja chini ya magodoro. Kunja kingo ziingie ndani kiasi cha kiganja. Turubai la juu nalo liinamie upande mmoja, lisifanye bakuli.

Usichimbe mfereji kuzunguka hema. Eneo la hifadhi halichimbwi hivyo, na kwenye udongo mweusi mfereji unageuka shimo la tope. Chagua mwinuko mdogo, inatosha.

---

Mama Mwaloni

Wanangu, chakula mmekiacha na ndicho kinacholeta wageni usiku.

Samaki mnunue Mwaloni Kirumba kama kawaida, lakini magamba na matumbo yaishie hapo hapo sokoni. Sato wakaangwe nyumbani, wafungwe vizuri, kambini mnapasha tu. Kukaanga samaki porini ni kupuliza filimbi ya fisi: mafuta yanarukia nguo, yanamwagika chini, harufu inabaki mpaka asubuhi. Dagaa wakavu wakae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Ratiba ya watu sita: usiku wa kwanza sato na wali. Siku ya pili mchana viazi na mayai ya kuchemsha, usiku ugali na dagaa au maharage yaliyochemshwa nyumbani yakagandishwa. Siku ya mwisho chai, mkate na karanga, hakuna kuwasha jiko kubwa. Unga kilo moja na robo kwa mlo, mchele kilo moja. Msizidishe, kiporo porini ni mzigo.

Barafu: gandisheni chupa za maji za lita moja na nusu, sita au nane, mpange ndani ya sanduku la barafu. Barafu iliyo ndani ya chupa hailoweshi chakula, inakaa karibu siku mbili, na ikiyeyuka mnakunywa. Barafu ya kuvunjavunja inaisha siku moja na kila kitu kinaogelea.

Gesi mtungi wa kilo 6 unawatosha na kubaki. Kuni haziokotwi hifadhini, hata tawi lililoanguka. Kabla ya kutoka nyumbani pakeni povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu makubwa mtungi unavuja. Upepo ukiwasumbua wekeni kizuizi upande mmoja tu, msiuzungushie mtungi pande zote, utapata joto. Na msipikie ndani ya hema hata mvua ikinyesha.

Mkimaliza kula, KILA kitu kinaingia garini: sufuria, sahani hata zilizooshwa, sanduku la barafu, ndoo ya takataka, sabuni, dawa ya meno, viatu. Fisi hutafuna viatu vya ngozi na kuvunja sanduku la barafu kwa meno. Maji ya vyombo yachujeni, makombo yaende kwenye takataka, maji yamwagwe mbali na mahema, upande ambao hampiti usiku. Hemani msiingie hata na biskuti ya mtoto.

Ndizi, maembe na machungwa yana neno lake. Tembo anayanusa kutoka mbali, na hema kwake ni kama karatasi. Matunda yaishe mapema au yafungwe garini. Mchana ni zamu ya nyani: dakika mbili za dirisha wazi zinamtosha, na hakuna mtu wa kumnyang'anya.

Takataka wekeni kwenye ndoo za mifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na langoni wanakagua. Zote mnarudi nazo.

---

Igogo Junior

Mama shikamoo. Swali: tukiwasha moto usiku kucha simba hawaji, si ndiyo?

---

Kona ya Lamadi

Mdogo wangu, hapana, usiuwekee imani hiyo. Moto ni wa kuotea na kukusanyikia. Kuni hamruhusiwi kuokota, na mkaa mtakaobeba utakuwa umekufa saa nane usiku wakati wote mmelala. Fisi hasa wanazoea, wanakuja wakijua penye moto pana mifupa. Kinacholinda ni zipu iliyofungwa, usafi wa kambi na kutotoka usiku. Moto ukiwashwa, uwashwe mahali palipokwisha kuwashwa, na kabla ya kulala mwagieni maji mpaka uweze kushika majivu kwa mkono. Nyasi za Julai zinashika haraka.

Kama mna wasiwasi, ulizeni langoni habari ya kulipia askari wa kulala nanyi. Kwa kundi lenye watoto ambalo halijawahi kulala nje, ushauri wangu ni usiku wa kwanza kambi ya umma, wa pili kambi maalumu.

---

Nesi Mkuyuni

Habari zenu wadau. La mbung'o halijaguswa na ukanda wa magharibi anajaa, hasa penye vichaka na miti ya kando ya mto.

Mbung'o huuma mchana. Anavutwa na kitu kikubwa kinachotembea, ndiyo maana hulifukuza gari, na anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vile vitambaa vya bluu na vyeusi mtakavyoviona vimening'inizwa porini ni mitego yake, msiviguse. Kwa hiyo jinzi na nguo nyeusi ziacheni Mwanza. Vaeni kaki, kijani kibichi hafifu au rangi ya mchanga, kitambaa kizito, mikono mirefu, maana kitambaa chepesi anakitoboa. Dawa za kupaka zinazofukuza mbu kwake zinafanya kazi kidogo sana. Mkipita eneo lake, pandisheni vioo, walioingia waueni kwa kitambaa kabla hamjaendelea.

Anaweza kubeba malale. Wengi wanaoumwa na mbung'o hawapati ugonjwa huo, lakini aina ya huku Afrika Mashariki ikimpata mtu inakwenda kasi, ni wiki na siyo miaka. Kidonda kinachovimba pale ulipoumwa, homa, kichwa kuuma, tezi kuvimba: nendeni hospitali na MSEME kwamba mlikuwa Serengeti. Msiposema, mtapimwa malaria peke yake na kurudishwa nyumbani.

Usiku ni zamu ya mbu. Neti ya hema isiwe na tundu, na dawa ya kupaka ya mbu hapo ndiyo mahali pake.

Nyoka: mtu akiumwa, mlazeni, mwondoeni pete na saa, kiungo kifungwe na ubao kisitikisike kama cha aliyevunjika mfupa, mpelekeni hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Msimkimbize nyoka kumtambua. Karibu zaidi ukitokea Ndabaka ni Bunda, na hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando.

Siafu hutembea baada ya mvua. Mkiona msururu unaelekea hemani, mwageni majivu kwenye njia yao au hamisheni hema, msisubiri. Asubuhi kila kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, ng'e hupenda humo. Kwa kuwa viatu vimelala garini mmepunguza nusu ya hatari hiyo.

Sanduku la dawa: maji ya chumvi na sukari pakiti kumi, dawa ya maumivu, bandeji pana mbili, pamba, dawa ya vidonda, dawa ya mzio, na dawa za mtu binafsi za siku mbili zaidi ya safari.

---

Dada wa Nyegezi

Nesi asante sana. Naona aibu kuuliza ila lazima: choo?

---

Turubai

Usione aibu dada, ndilo jambo linaloharibu kambi za watu wanaokuja nyuma yenu.

Waulizeni askari wa lango utaratibu wa kambi mliyopewa. Penye ruhusa ya kuchimba, shimo liwe na upana wa sentimita 30 na kina cha 70, mita 30 kutoka kwenye mahema, upande ambao upepo unaelekea ukitoka kambini, mbali na mto. Zungusheni turubai kwenye fito mlizokuja nazo. Juu yake ndoo iliyokatwa kitako na kufungwa kiti cha choo inasaidia wazee na watoto. Kila anayetoka anatupia koleo la majivu au udongo. Mkiondoka jazeni, shindilieni kwa miguu tabaka kwa tabaka, maana udongo uliolegea fisi huufukua. Karatasi zinaingia shimoni, vitaulo vya watoto na pedi vinarudi Mwanza ndani ya ndoo ya mfuniko.

Usiku hakuna kwenda shimoni. Kila hema liwe na kopo lenye mfuniko.

---

Ukerewe Ndani

Wakuu, kwa wasiotaka tope wala simba, mbadala upo majini: Rubondo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kisiwa chenye msitu mnene kusini magharibi mwa ziwa. Hakuna simba, chui wala fisi. Kuna tembo, twiga, pongo, nzohe wenye kwato ndefu za kukanyagia matete, na sokwe. Mababu wa hao sokwe walitolewa mabustani ya wanyama Ulaya, wakaachiwa kisiwani kati ya 1966 na 1969 katika mradi wa Bernhard Grzimek, yule Mjerumani mtetezi wa wanyamapori.

Njia ya gari siku hizi imekuwa fupi: Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko. Unapita Sengerema, Geita, unakwenda Muganza hadi Kasenda, hapo unachukua boti ya kwenda kisiwani. Nkome nako kuna njia ya boti ila maji yake ni marefu zaidi. Boti ipangwe na hifadhi kabla hujatoka Mwanza. Vukeni asubuhi, mchana upepo unaamka na mawimbi yanaanza kurusha maji ndani. Koti la kuokolea livaliwe na kufungwa, la watoto liwe la saizi yao.

Hema lisiwe ufukweni kwenye majani mafupi mazuri, hayo majani ni mafupi kwa sababu viboko huyala kila usiku. Msiogelee: mamba wapo, na kichocho kipo. Kutembea msituni ni pamoja na askari. Mwenye mafua au kikohozi asiende kwa sokwe, magonjwa yetu ya kifua yanawaua.

---

Igogo Junior

Na Pori la Akiba Kijereshi pale Lamadi, vibali ni vya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) hivyo hivyo?

---

Kona ya Lamadi

Hapana. Kijereshi, Grumeti na Ikorongo ni mapori ya akiba, hayo yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kibali cha TANAPA hakikuingizi huko, na sheria zake ni tofauti. Vivyo hivyo ukitaka kuendelea kupitia Naabi kwenda Ngorongoro, kule ni mamlaka nyingine na malipo mengine. Droni usibebe bila kibali maalumu, popote pale.

Dada wa Nyegezi, la mwisho kwenu la asubuhi ya kuondoka. Mtu mzima mmoja atoke kwanza kukiwa kumepambazuka kabisa, asimame mlangoni pa hema, atazame pande zote, kisha chini ya gari. Simba hupenda kivuli cha gari, na hata fisi hulala hapo. Mkishapakia, simameni mstari mmoja mtembee polepole kutoka ncha ya kambi hadi ncha, mkiokota. Vigingi vya nondo hesabuni: mlivyopiga 25, mrudi na 25, maana kimoja kilichobaki kwenye majani kitapasua tairi la kundi linalofuata au kuingia mguuni mwa mnyama.

---

Dada wa Nyegezi

Nimeandika yote. Tumebadili gari, na safari tumeisogeza hadi wiki ya mwisho ya Juni. Kesho nakwenda kukatisha nondo.

---

Fundi Upepo

Vizuri dada. Ukitoka hapo kwa wachomeleaji, pita kwa seremala akutengenezee na kile kibao cha jeki cha 40 kwa 40, unene sentimita 5, kitobolewe kona moja na kufungwa kamba. Kikizama kwenye tope utakivuta kwa hiyo kamba.